Mwanafunzi wa Baiolojia Si Daktari Aliyefeli



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, vinavyoonekana kwa macho na visivyoonekana ila kwa hadubini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Ramadhani ya mwaka 2019, homa ya dengi ilipokuwa imelishika jiji la Dar es Salaam, kijana mmoja wa mwaka wa pili chuo kikuu alikuwa akitia udhu kwa ajili ya sala ya alasiri katika msikiti wa mtaani kwao. Alipochota maji katika pipa lililowekwa karibu na vyoo kwa ajili ya siku ambazo bomba halitoi, aliona ndani ya kopo vijidudu vyembamba vikijipinda na kuzama. Akayamwaga maji yale taratibu juu ya sakafu nyeupe, akainama kutazama. Baada ya sala alimwendea mzee mmoja wa kamati ya msikiti, akamwamkia kwa adabu, akasema:

"Mzee wangu, maji ya lile pipa yana viluwiluwi vya mbu. Kwa jinsi vinavyojipinda, na kwa kuwa maji yenyewe ni safi, nadhani ni vya yule mbu anayeeneza dengi. Naomba ruhusa tuyamwage na kulisugua pipa."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Kwani wewe mwanangu unasomea udaktari?"

"Hapana, mzee. Nasoma baiolojia."

"Basi hayo waachie madaktari. Maji yenyewe tumeyapata kwa shida, na watu watataka udhu wa magharibi."

Mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo. Alisikia yote, akanyamaza. Makala haya ni malipo ya deni la ukimya ule.

Katika kumi la mwisho la mwezi ule, muadhini wetu aliugua dengi akalazwa. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mbu aliyemuuma alitoka katika pipa lile. Mbu wa mtaa mzima ni wengi na hawaachi alama. Lakini jambo moja tunaweza kulithibitisha. Katika jamaa yetu alikuwapo mtu mmoja aliyeijua hatari ile kwa jina lake, akaionyesha kwa kidole, nasi tukamnyamazisha kwa sababu shahada yake haina jina tunaloliheshimu. Hilo ndilo tunalotaka kulikemea leo, kwani halikutokea katika msikiti mmoja tu wala kwa kijana mmoja tu.

MAISHA TUSIYOYAJUA

Wengi wetu hatujui kijana huyu anashindaje siku yake, na mtu ni adui wa asichokijua. Basi tumweleze kwa haki.

Huamka alfajiri, akasali, kisha akaketi na daftari la kemia, kwa sababu baiolojia ya chuo kikuu haisomwi bila kemia, wala bila takwimu. Saa mbili asubuhi yumo katika ukumbi wa mihadhara. Mchana, wenzake wa masomo mengine wakiwa wamelala au wakizungumza chini ya miti, yeye huvaa koti jeupe akaingia maabara, na huenda asitoke mpaka saa kumi na moja jioni. Humo hutazama kipande cha jani kwa hadubini, akakichora kwa penseli na kuandika jina la kila sehemu. Hupasua panya au chura aliyehifadhiwa kwa fomalini, na harufu ile humfuata mpaka bwenini. Huzalisha nzi wa matunda ndani ya vichupa, ambao kizazi chao huchukua takriban siku kumi tu, akawahesabu wenye macho mekundu na wenye macho meupe ili ajue sifa za wazazi hurithiwa vipi na watoto. Usiku huandika ripoti ya alichokiona, na kesho huanza tena.

Kisha kuna safari za nyanda. Huingia katika tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa, akaweka fremu ya mraba juu ya tope, akahesabu kaa na konokono waliomo ndani yake, akasogeza fremu hatua kadhaa, akahesabu tena. Hupanda milima ya Usambara kukusanya majani, akayakausha baina ya magazeti na kuyabandika kwenye karatasi kwa majina yake ya Kilatini. Haya yote huyafanya kwa muda wa miaka mitatu.

Je, msikiti una habari naye? Una habari naye siku mbili. Siku ya kwanza ni ile anayopata nafasi ya chuo, watu wanapomuuliza, "Udaktari?" naye akajibu, "Hapana." Siku ya pili ni ile anayohitimu, watu wanapomuuliza, "Sasa kazi utapata wapi?" Baina ya siku hizo mbili hakuna anayemuuliza jambo lolote.

KAULI YA KWANZA: "AMEKOSA UDAKTARI"

Tangu kidato cha tano, mtoto anayesoma mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, huitwa "dokta" na ukoo mzima. Shangazi humwonyesha goti linalomuuma. Jirani humletea kikaratasi cha dawa amsomee. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, na kwa kuwa nafasi za udaktari ni chache kuliko waombaji, kijana akapangiwa shahada ya sayansi katika baiolojia, nyumba huingia simanzi kana kwamba kuna msiba. Baba humwambia: "Nenda tu kwa sasa, mwakani utaomba tena." Naye huingia chuoni na moyo wa mpita njia. Mwaka wa kwanza hutazama nyuma, mwaka wa pili hutazama pembeni, na mwaka wa tatu unapofika hujikuta amepata shahada ya elimu ambayo hakuwahi kuipenda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba inapendeka.

Sisi hatuwadharau madaktari. Allah awalipe kheri kwa wanayoyafanya. Lakini hebu tuulizane kwa insafu. Daktari humpokea aliyekwisha kuuma na mbu. Dengi haina dawa mahususi ya kuua kirusi chake. Mgonjwa hupewa maji ya kutosha na dawa ya kutuliza homa, akaangaliwa kwa makini mpaka apone kwa rehema ya Mola wake. Basi mlango mkubwa wa kuikabili ni kumzuia mbu, na elimu ya mbu ni baiolojia. Mbu huyu, ambaye wataalamu humwita Aedes aegypti, huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitukingi. Hupenda maji safi yaliyotuama katika mapipa, ndoo, vifuu na matairi. Mayai yake huyagandisha kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa maji yakiyafikia. Ndiyo maana kijana yule hakusema "tuyamwage" akaishia hapo. Alisema "na kulisugua pipa." Katika neno moja lile, kulisugua, ilikuwamo elimu ya mwaka mzima, nasi hatukuisikia.

Wala dengi si mfano wa pekee. Ugonjwa wa chikungunya, unaoenezwa na mbu wa jamii hiyo hiyo, umebeba jina la Kimakonde, lenye maana ya kupinda, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Dunia nzima leo inautaja ugonjwa huo kwa lugha ya watu wetu, ilhali watoto wetu wanaosomea wadudu wanaoueneza tunawaona wamepotea njia.

Tazameni pia Unguja. Kwa miaka mingi mbung'o walisumbua ng'ombe wa kisiwa kile kwa ugonjwa wa nagana. Baina ya mwaka 1994 na 1997, wataalamu wa wadudu, wa mifugo na wa mionzi walishirikiana katika kazi ya ajabu. Mbung'o walifugwa kwa wingi mjini Tanga, madume yakatiwa mionzi yakawa tasa, kisha zaidi ya madume milioni 8 yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Jike aliyepandwa na dume tasa hakuzaa. Kizazi kikapungua baada ya kizazi, na mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwezi wa Septemba mwaka 1996. Kisiwa kikasafika. Msingi wa kazi ile yote ulikuwa jambo moja dogo: mtu aliketi akachunguza jinsi nzi anavyozaa. Lau angeambiwa na wazee wake kwamba kuchunguza nzi ni kazi ya aliyefeli, ng'ombe wa Unguja wangeendelea kudhoofu.

Na vipi kuhusu mama zetu wa pwani? Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, iitwayo kotonii, haistahimili maji yakipata joto. Huota ugonjwa, ikakatika na kuoza. Mama aliyeinama majini tangu asubuhi hurudi na kamba tupu. Hospitali haina dawa ya kamba tupu. Anayehitajika hapo ni mtu anayeijua mimea ya bahari, joto la maji na kina chake. Mtu huyo ni mtoto wa nani? Na kama si wetu, kwa nini si wetu?

KAULI YA PILI: "HIYO NI ELIMU YA KUPOTEZA IMANI"

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakasema kwamba baiolojia ni mlango wa kutoka katika dini. Hawa tuwajibu kwa upole, lakini bila kuficha.

Kitabu chetu kitukufu kina sura zilizopewa majina ya ng'ombe, nyuki, sisimizi, buibui na tembo. Inakuwaje umma wenye kitabu hicho umwone anayewachunguza nyuki na sisimizi kuwa amepoteza dira? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu na elimu ya hesabu miongoni mwa fardhi kifaya, yaani elimu ambazo jamii nzima hupata dhambi pasipokuwapo wa kuzibeba. Kwa kipimo hicho, elimu ya viumbe vinavyotuuguza na vinavyotulisha haiwezi kuwa nje ya mlango.

Mimbarini mwetu tunapenda sana kuwataja wahenga wetu wa elimu. Tunamtaja Al-Jahiz wa Basra, aliyeandika juu ya wanyama katika karne ya 9. Tunamtaja Abu Hanifa Al-Dinawari, ambaye si yule Imamu wa madhehebu, aliyeandika juu ya mimea katika karne hiyo hiyo. Tunamtaja Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga huko Andalusia, aliyekusanya habari za mimea ya dawa na kufia Dameski mwaka 1248. Tunamtaja Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, aliyempinga Galen kwa kueleza kwamba damu haipenyi kwenye ukuta wa katikati ya moyo, bali hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni, ndipo huingia upande wa kushoto. Na huyu Ibn al-Nafis alikuwa pia mwanachuoni wa fikihi ya Kishafii, madhehebu ya wengi wetu wa mwambao. Hakuona kwamba moyo wa mtu unaweza kubeba fikihi tu au baiolojia tu.

Tukishuka mimbarini, kijana aliye hai, aliyeketi safu ya tatu na kidole chenye doa la rangi ya maabara, tunampita. Tunawaenzi waliokufa miaka mia saba na zaidi iliyopita, na tunamdharau anayefanya kazi yao leo. Kujivunia wafu ni rahisi, kwa sababu wafu hawaombi nauli ya safari ya nyanda.

Najua linalowakera wengi ni somo la mageuko ya viumbe. Kijana hufika katika somo hilo, hupata maswali, akaja msikitini kuuliza. Hujibiwa nini? "Astaghfirullah! Wewe umetokana na nyani?" Watu wakacheka, naye akaondoka. Swali halikujibiwa, aliyeuliza ndiye aliyefukuzwa.

Kwanza, tuseme kweli juu ya kinachofundishwa. Hakuna mhadhiri anayefundisha kwamba nyani wa leo alimzaa mtu. Wanabaiolojia wanasema kwamba viumbe hai vina nasaba moja, na kwamba mtu na sokwe wana mhenga mmoja wa zamani sana. Hutoa ushahidi wao katika visukuku vya ardhini, katika maumbile ya mifupa na katika mfanano wa DNA. Charles Darwin alichapisha kitabu chake cha asili ya spishi mwaka 1859, na habari ya mtu aliieleza katika kitabu kingine mwaka 1871. Juu ya asili ya binadamu, wanachuoni wa Kiislamu wa zama zetu wana kauli mbalimbali. Wapo wanaolikubali jambo hili kwa sehemu kubwa, na wapo wanaolikataa. Makala haya hayakuja kuamua baina yao. Yamekuja kusema kwamba aliyehitilafiana na elimu huieleza kwanza kama ilivyo. Kuwasingizia watu wasichokisema si hoja, ni uongo, na uongo hauitetei dini ya haki.

Pili, asiyetaka kabisa kusikia somo hilo atueleze kilichoipata klorokwini. Dawa ile iliwaponya malaria wazazi wetu kwa vidonge vichungu vilivyojulikana kila nyumba. Lakini miongoni mwa mamilioni ya vimelea ndani ya damu ya wagonjwa, wachache walikuwa na tofauti ndogo ya kurithi iliyowafanya wasidhurike na dawa. Wenzao wakafa, wao wakabaki, wakazaana, mbu wakawasambaza. Mwaka 2001 Tanzania Bara ililazimika kuiacha klorokwini na kuingiza SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Huo ndio uteuzi wa asili, nao umetendeka ndani ya damu yetu wenyewe na katika umri wetu. Mwanafunzi akikimbia sura hiyo ya somo, nani atatambua mapema kwamba dawa ya leo nayo imeanza kushindwa?

KAULI YA TATU: "BINTI YANGU HAENDI PORINI"

Limebaki jambo la mabinti zetu. Binti amevaa hijabu yake, juu yake koti jeupe, anasoma kwa bidii na anashika nafasi za mbele. Safari ya nyanda ikitangazwa, baba hukataa. Safari hiyo si matembezi. Ni sehemu ya somo na ina alama zake. Asiyekwenda hupungukiwa, na pengine huirudia mwaka mwingine. Binti huyo huona haya kumweleza mhadhiri, huogopa kumkabili baba, akabaki katikati akilia peke yake.

Mzazi ana haki ya kuhofia, na wajibu wa kulinda hauondoki kwa sababu ya shahada. Lakini kuna tofauti baina ya kulinda na kufunga mlango. Je, baba huyo amewahi kwenda chuoni kuuliza mabinti watalala wapi? Ameuliza kama kuna mhadhiri mwanamke atakayefuatana nao? Ameuliza kama mwanawe atakuwa na wenzake wa kusali nao? Kamati ya msikiti imewahi kuandika barua ya heshima kuomba mambo hayo kwa niaba ya wazazi wote? Katika wazazi niliowauliza, sikumpata aliyefanya moja kati ya haya. Wote walikuwa wamesema "hapana," wakaona wajibu umekwisha. Kisha mke wa mmoja wao alipougua, alizunguka mji mzima akitafuta mwanamke Mwislamu wa kumpima katika maabara ya hospitali. Atampata wapi, ikiwa kila baba amemfungia wake?

NAWE MWANAFUNZI

Sasa tukugeukie wewe mdogo wetu, maana insafu haina upande mmoja. Usije ukadhani makala haya yameandikwa ili kukupamba.

Wapo miongoni mwenu wanaonakili ripoti ya maabara ya mwenzao, wakabadilisha jina na tarakimu mbili tatu, wakaikabidhi. Hujawahesabu nzi, umeandika kwamba umewahesabu. Huo ni ushahidi wa uongo, hata kama shahidi wako ni nzi. Leo unadanganya juu ya nzi wa matunda. Kesho utapewa kupima maji ya kijiji, na watu watayanywa kwa kuamini tarakimu zako.

Wapo wanaokariri. Hukariri majina ya Kilatini mia mbili usiku wa kuamkia mtihani, na baada ya wiki moja hawakumbuki hata kumi. Ukimuuliza mti unaotia kivuli ua wa msikiti ni wa jamii gani, hajui, kwa sababu mti huo haukuwamo katika maswali ya miaka iliyopita. Elimu ya viumbe isiyomfanya mwenye nayo ainue macho kutazama kiumbe ni mzigo wa karatasi.

Na wapo, nao ndio wengi, wanaojidharau wenyewe. Wakiulizwa wanasoma nini hujibu kwa sauti ya chini, "Baiolojia tu." Ondoa hilo neno "tu." Usipoiheshimu elimu yako, usimlaumu mzee wa kamati kwa kutoiheshimu. Kijana wa pipa alisema neno lake mara moja, akanyamaza. Angeweza kuchukua kopo la maji yale akamwonyesha mzee viluwiluwi kwa macho yake, vikining'inia kichwa chini na mrija wa kuvutia hewa ukigusa uso wa maji. Wazee wetu ni watu wa macho; wakionyeshwa huona. Elimu isiyofikishwa kwa lugha ya watu hubaki deni juu ya aliyenayo.

TUFANYE NINI?

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Kwanza, kila msikiti uwajue wanafunzi wake wa vyuo kwa masomo yao, na uandike katika daftari moja nani anasoma nini. Siku ya haja isemwe, "Mwiteni fulani," kama tunavyosema kwa fundi umeme na fundi bomba.

Pili, mara moja kwa mwezi, baada ya sala ya isha, mmoja wao apewe robo saa aeleze jambo moja analolisoma lenye manufaa kwa jamaa: mbu, maji ya kisima, chakula kinachooza, samaki wanaopungua. Robo saa hiyo itamfunza yeye kusema, na itatufunza sisi kusikiliza.

Tatu, sehemu ya sadaka za msikiti itengwe kwa ajili ya nauli za safari za nyanda na vifaa vya maabara vya wanafunzi wasio na uwezo. Wapo waliorudia somo kwa kukosa nauli, ilhali msikiti wao ulikuwa unabadilisha zulia.

Nne, maimamu na walimu wa madrasa waketi na wanafunzi wa sayansi kuzungumza masuala ya itikadi yanayowashughulisha, kila upande ukisikiliza kabla ya kujibu. Mwanachuoni asiyejua baiolojia aseme sijui, na mwanafunzi asiyejua tafsiri aseme sijui. Neno hilo halijamwangusha mtu yeyote.

HITIMISHO

Kijana wa pipa hakugombana na mtu. Usiku ule ule, baada ya tarawehe, watu walipokwisha kutawanyika, alirudi na brashi na watoto wawili wa madrasa. Wakayamwagia miti maji yale, wakalisugua pipa ndani mpaka juu, wakalijaza upya bomba lilipotoa maji usiku, wakalifunika kwa kitambaa na kukifunga kwa kamba. Asubuhi mmoja wetu aliyefika kutia udhu alikifungua kitambaa kile akakitupa pembeni, kwa kuwa kilimchelewesha.

Kijana alihitimu. Leo anafanya kazi ya wadudu katika mkoa mwingine, na watu wa huko wanamsikiliza. Msikiti wetu bado hualika daktari kila ukiwa na siku ya upimaji wa afya, nalo ni jambo jema. Lakini wa kuchungulia pipa hatunaye tena.

Basi ndugu yangu, ukimaliza kusoma makala haya msikitini kwako, usiondoke kwanza. Nenda kando ya vyoo, funua pipa, utazame. Ukiona vinavyojipinda, usiulize daktari yuko wapi. Uliza ni kijana gani katika safu zenu anayesoma baiolojia, umwite kwa jina lake, na umwambie: "Njoo mwanangu, tufundishe."

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atuepushe na kibri cha kuikataa inapotujia kwa mdomo wa mdogo wetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.